Heko kwa Pikipiki Inayokula Oili

Watu wanaosifu pikipiki za siku hizi huwa na sifa moja tu ya kutaja: zinawaka. Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, inawaka, unaondoka. Sasa hiyo nayo ni sifa? Jiko la gesi pia linawaka, na hatujasikia mtu akilitungia utenzi. Mimi leo nimesimama upande wa ile isiyowaka: tustroki kuukuu, inayokunywa petroli na oili kwa pamoja, inayotoa moshi wa bluu, na ambayo vijana wa bodaboda wakiiona inapita hucheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke. Hawajui walichokosa.

Nianze na unyofu wake, maana mengine yote yanatoka hapo. Injini ya kisasa, fostroki, imejaa siri. Ina vali, ina kemshafti, oili yake inazunguka gizani chini huko, na ikianza kuugua hunyamaza hadi siku inapokufa. Tustroki haina siri wala haina pa kuificha. Haina vali za kufunguka na kufunga juu ya silinda. Ukutani mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe, katika kupanda na kushuka, ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Umbo hilo rahisi tulipewa na Mwingereza Joseph Day mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ukizihesabu sehemu kubwa zinazotembea ndani yake utapata pistoni, konrodi na krenki, basi. Na kila pistoni inapofika juu, moto unapigwa. Fostroki hupiga moto mara moja katika mizunguko miwili. Mzunguko mmoja anafanya kazi, wa pili anapumzika. Hebu niambie nani mvivu hapo.

Wanasema ni chafu. Tulitazame jambo hilo kwa haki. Kwa kuwa chumba cha chini cha injini ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko wa hewa na petroli, hakuna oili inayolala humo. Oili husafiri na petroli, hulainisha njiani, kisha huungua na kutokea nyuma. Ndiyo ule moshi. Maana yake ni kwamba mwenye tustroki hajawahi hata siku moja kutembelea oili iliyochakaa. Kila dakika anatumia mpya. Wale wanaovuta miezi na oili nyeusi tii, huku wakiahidi kuibadilisha mwisho wa mwezi, ndio wanaotuita sisi wachafu.

Nenda Unguja uone usafi huo unavyotunzwa. Mzee wa kanzu na kofia anaingia na Vespa yake kituo cha mafuta, anazima, anashuka taratibu, ananyanyua kiti, anafungua mfuniko wa tenki. Mfukoni anatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, cha mililita 100, kilichokwisha dawa siku nyingi. Petroli lita tano, oili kichupa kimoja: asilimia mbili kamili, bila kikokotoo. Anakiinamisha mpaka tone la mwisho, anakipangusa kwa kitambaa, anakirudisha mfukoni. Kisha anashika usukani kwa mikono miwili na kuitikisa Vespa kushoto na kulia, mafuta yanapiga mawimbi ndani ya tenki, mpaka roho yake imeridhika kwamba vimechanganyika. Nyuma yake foleni inapiga honi. Mzee hana habari nayo. Dereva wa kisasa anapokuwa anatazama namba za pampu tu, mzee huyu amekwisha pika.

Na kwa kuwa tumemtaja wa kanzu, tumkumbuke na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege wa Kiitalia aliyeibuni Vespa, ambayo kampuni ya Piaggio iliisajili mwaka 1946. Bwana huyu hakuzipenda pikipiki. Hakupenda mnyororo unaopaka watu grisi, wala kupanda kwa kutupa mguu juu ya tenki. Akaiacha wazi sehemu ya mbele, miguu ikae pamoja kwa adabu. Sidhani kama kanzu ilimpitia akilini, lakini hakuna chombo cha moto kilichowahi kuistahi kanzu kuliko hicho.

Huku bara tulikuwa na zile za kazi. Bwana shamba, bwana mifugo, mratibu elimu, katekista, kila mmoja na Suzuki au Yamaha yake. Nyota wao kwangu ni Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Australia kisha ikatapakaa Afrika: keria kubwa nyuma, mnyororo umefunikwa wote usile matope, na stendi mbili, moja kila ubavu, ili uweze kuiegesha kwenye mteremko wowote unakoelekea shamba la mtu. Aliyefikiria stendi ya pili alikuwa amewahi kuokota pikipiki mtaroni.

Mlio wake ulisikika kutoka ng'ambo ya bonde. Hiyo ilikuwa huruma kubwa kwa wanakijiji. Aliyekuwa hajapalilia alipata nafasi ya kushika jembe. Aliyekuwa kilabuni saa nne asubuhi alipata nafasi ya kuwa njiani kuelekea shambani. Bwana shamba alipofika alikuta kijiji kizima kinachapa kazi, akaandika ripoti nzuri, wilaya ikafurahi. Ofisa wa leo anakuja na pikipiki isiyosikika, anakukuta umelala chini ya mwembe, halafu anakuita mvivu. Huo si ukaguzi, ni uvamizi.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mume mwenye tustroki hakuweza kurudi usiku wa manane kwa kunyata. Walikuwepo waliojaribu kuizima kwenye kona na kuisukuma hadi mlangoni, kimya, viatu mkononi. Lakini ile harufu ya oili iliyoungua inakaa kwenye shati, na mke hakuhitaji shahidi mwingine. Ndoa zilizookolewa na eksozi hazijaandikwa popote.

Na kelele yenyewe msidhani ni hasara, ni kibarua. Tundu la moshi linapofunguka, mshindo hukimbia ndani ya eksozi, hugonga pale bomba linapoanza kubanwa, hurudi mbio, na ukirudi kwa wakati wake husukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa unataka kutoroka kabla haujaungua. Ndiyo sababu eksozi za tustroki za mashindano zimevimba tumbo katikati. Aliyelifikisha jambo hili mbali ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Alikuwa na fedha kiduchu na vifaa vya kubahatisha, lakini kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Matajiri wa Italia na Japani wakabaki wanatazamana.

Siri hiyo ikawa na thamani ya kumfanya mtu ahame nchi. Septemba 1961, majuma machache baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwendeshaji wa MZ Ernst Degner, aliyekuwa anaongoza kwa pointi katika ubingwa wa dunia wa cc 125, alikwenda kushindana Kristianstad, Sweden, na hakurudi kwao. Mkewe na watoto walivushwa kwa siri kwenda Ujerumani Magharibi. Degner akaenda Japani, kwa Suzuki, na maarifa ya Kaaden kichwani; mwaka 1962 akawapa ubingwa wao wa kwanza wa dunia, katika cc 50. Na siku ile Sweden mbio zilikwendaje? Injini ilimfia njiani. Nilipoisoma sehemu hiyo ndipo nilipoamini kwamba habari nzima ni ya kweli.

Kwa hiyo ile Suzuki A100 ya mwalimu mkuu, iliyokuwa inalala darasa la tatu wakati wa mvua, ni ya ukoo ulioguswa na Vita Baridi. Uliza ukoo wa hii uliyoichukua juzi kwa mkopo.

Sasa plagi. Hapa naomba msomaji avute kiti. Mwenye tustroki hutembea na plagi ya akiba mfuko wa shati, imefungwa kwa kipande cha nguo, na spana yake chini ya kiti. Pikipiki ikizima, hafungui simu kumtafuta fundi. Anafungua plagi, anainua kwenye mwanga na kuisoma. Nyeusi na imelowa: oili imezidi, au kabureta inamwaga. Nyeupe: inakosa mafuta, na ukiendelea kuikimbiza hivyo utatoboa pistoni. Kahawia: panda uende, tatizo liko kwingine. Wakati mwingine utaona kijiuzi cheusi cha masizi, chembamba kuliko unywele, kimeunganisha ncha mbili. Hicho tu ndicho kilichokulaza njiani. Unakikwangua kwa ubavu wa kiberiti, unapuliza, unarudisha.

Nilimkuta mzee mmoja katika hali hiyo kando ya barabara, na kijana wa bodaboda amesimama kumsaidia.

"Shikamoo babu. Imeharibika?"

"Marahaba. Haijaharibika, imekataa tu."

"Nikuvute kwa kamba mpaka kwa fundi?"

"Fundi wa nini, mwanangu? Shika hapa."

Kijana akashikishwa plagi, akafundishwa pa kukwangua, na kwa dakika tano alikuwa mwanafunzi. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mzee akafunga choki, akapumua, akasimama kwa uzito wake wote. Ikawaka kwa moshi uliomfunika kijana mzima. Pikipiki yake mwenyewe, kijana aliniambia baadaye, hajui plagi iko upande gani.

Wapo watakaosema inapoteza mafuta. Ni kweli. Matundu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi pamoja kwa muda, na petroli, hata robo au zaidi, huweza kupita moja kwa moja hadi hewani bila kuungua. Wao huita upotevu. Mimi naita sadaka: unanunua lita nne, moja unawagawia walio nyuma yako. Kwamba mwendesha baiskeli aliyeipokea alikohoa badala ya kushukuru, hilo ni suala la malezi. Madaktari nao wana maneno yao juu ya moshi huu, na maneno yao ni ya haki kabisa. Ila leo hatukuwaalika.

Kuhusu imani sitasema mengi. Teremka tu kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, karibu kilomita 33 za kona na bonde. Fostroki ukiachia mafuta inashika, injini yenyewe inageuka breki. Tustroki haishiki kitu. Inaserereka, breki za ngoma zinachemka, na kwa zile za kuchanganya, ukifunga mafuta kabisa umefunga na oili, pistoni inaweza kujamu na tairi la nyuma likagoma kuzunguka ukiwa katikati ya kona. Ndiyo maana wakongwe huvuta mafuta kidogo kila baada ya muda, preng, preng, na vidole viwili havibanduki kwenye klachi. Hakuna aliyesinzia kwenye mteremko ule. Na waliofika Mombo walishukuru bila kukumbushwa.

Dunia imeamua vinginevyo. Sheria za hewa chafu zimeifukuza barabarani nchi baada ya nchi; mwaka 2002 daraja la juu la mashindano ya dunia liliwafungulia mlango fostroki wakubwa, na cc 125 za tustroki zikaendeshwa kwa mara ya mwisho mwaka 2011. Kwetu zilizosalia ziko kwa mapadri wachache, wazee wa Unguja na nyuma ya nyumba za marehemu mabwana shamba.

Ndugu msomaji, kama unayo moja imelala bandani, kuku wanatagia kwenye keria, usiwape watu wa vyuma chakavu. Mwaga petroli ya zamani yote. Toa plagi, mimina oili kidogo tunduni, sukuma kiki kwa mkono, pole pole, mpaka usikie pistoni inalegea. Usiipige mguu kabla ya hapo. Safisha kabureta. Eksozi ichome kwenye moto wa kuni mpaka masizi yakauke, uigonge yatoke. Choma mbali na nguo zilizoanikwa. Kisha jaribu. Ikiwaka, majirani watakuambia. Ikigoma na ukaamua kuiuza, nitafute mimi kwanza, bei tutaelewana.