Sifa za Mfuko wa Taka

Joho limesifiwa, kilemba kimesifiwa, kanzu ya hariri imetungiwa beti hadi imechoka. Mfuko mweusi wa taka, unaowafikisha watu kazini kila masika, sijasikia aliyeuimbia. Leo nauimbia mimi.

Asubuhi ya mwezi wa nne, simama barabarani Tanga uone baiskeli zinavyopita. Tundu moja la kichwa, mawili ya mikono, na cherehani yake ni meno. Hauna saizi, hauna zipu ya kukwama, haufuliwi wala haupigwi pasi. Tope linalorushwa na gurudumu la nyuma lisilo na madigadi huchora mstari mgongoni. Unaukung'uta tu, ukaingia ofisini mtu mwenye heshima zake.

Wenye wivu watasema unatoa jasho. Naam, unafika umelowa chepechepe. Lakini mvua ni ya watu wote. Jasho ni lako mwenyewe, halali kabisa.

Mwaka 1969, huko Marekani, Bob Gore aliivuta plastiki ya PTFE kwa ghafla, ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la mvua halipiti, mvuke wa jasho unapita. Makoti yake ni neema kwa watu wa Uskoti. Ila mvuke huo hutoka kwa kasi pale hewa ya nje ikiwa baridi na kavu kuliko ya ndani, na kwetu masika hewa yenyewe imelowa. Mvuke unafika mlangoni, unachungulia, unarudi kukaa. Basi mwenye koti la mshahara mzima na mwenye mfuko wanafika wote wamerowana, mmoja akiwa na deni.

Tena mfuko huu una bahati. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, rambo, binamu yake aliyekuwa kofia ya dereva na shuka ya siti, aliondoka bila matanga. Wa taka ukabaki. Taka nazo zina haki ya kuvaa.

Upepo wa baharini ukiuingia, unavimba kama tanga la jahazi na kumpunguzia mtu kazi ya kukanyaga, mradi aridhike na upande unaokwenda upepo. Na kwa kuwa ni mweusi tii, jioni madereva wa malori hawamwoni mvaaji kabisa. Ni nguo gani nyingine inampa mtu wa kipato chetu faragha kubwa namna hiyo?