Mtaalamu wa Zuiderzee

Mimi ni msomi. Niamshe usiku wa manane, nitakueleza jinsi Waholanzi walivyoiziba ghuba ya Zuiderzee mwaka 1932, wakavuta maji kwa pampu, wakalima chini ya usawa wa bahari. Ramani yake niliichora, nikaipaka buluu, nikapewa alama zote. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyeniuliza tena habari za Zuiderzee.

Aliyeniuliza kitu ni mwenye nyumba: "Kijana, mkataba uliusoma kabla ya kutia sahihi?" Nikajikuna kichwa. Shairi ningemhesabia mizani bila kukosea. Mkataba ulinishinda ukurasa wa kwanza.

Na mikopo ya simu je? M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Wasomi tukaona ni kitu kidogo. Jedwali la kuzidisha kwa kumi na mbili tuliliimba kwa sauti darasani, ila hakuna aliyetudokeza kwamba lilikuwa linatuhusu. (Ni asilimia tisini kwa mwaka, kama nawe ulikuwa ukiimba tu.)

Leo tarehe tano. Mholanzi alifunga mlango bahari isiingie. Mimi nimefunga wangu, taa nimezima, na mwenye nyumba anabisha hodi.