Namna ya Kuitafuta Gesi Usiipate

Umepata boti, nahodha. Hongera. Ina kebini mbili, friji ya vinywaji, feni kila kitanda, na jenereta ya petroli chini ya sakafu ya kuviendesha vyote hivyo. Ukutani, karibu na mito, kuna kidude cheupe cha duara. Aliyekuuzia alikuambia ni kengele ya kaboni monoksaidi, nawe ukatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa nayo. Sasa ni usiku wa tatu. Mmetia nanga, wageni wamelala, jenereta inanguruma, na kidude kimeanza kupiga kelele.

Mtu wa kawaida angewatoa watu nje, akazima jenereta, kisha akatafuta gesi inapenya wapi. Wewe si wa kawaida. Una wageni waliolipa, una samaki kwenye friji, una jina bandarini. Fuata hatua hizi tisa, nawe utaitafuta gesi hiyo wiki tatu nzima bila kuipata.

1. Anza na pua

Simama katikati ya kebini, vuta pumzi ndefu huku wageni wakikutazama, kisha tangaza: "Hapa hakuna kitu." Utakuwa mkweli kabisa, maana gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Pua iliyovuka mkondo wa Nungwi mara mia inaijua sawasawa na pua ya mtoto mchanga. Wahenga wamesema panapofuka moshi hapakosi moto. Wewe huoni moshi. Kesi imekwisha.

Usikubali kukumbuka jiko la makaa. Sote tumesikia habari za watu wa kwenye baridi, Njombe na Mbeya huko, wanaoingiza jiko chumbani makaa yakiwa yamekolea na hayatoi moshi tena, wakafunga dirisha, wakalala, wasiamke. Gesi ni ile ile. Lakini wao walikuwa na jiko, wewe una injini. Umeendelea.

2. Usihesabu milio

Kengele nyingi za namna hii zina lugha mbili. Mlio mmoja mfupi, kimya kirefu, kisha mlio mmoja tena: betri inakwisha au kifaa kimezeeka. Milio minne ya haraka, kimya kifupi, kisha minne tena: gesi ipo, tokeni nje. Maelezo hayo yameandikwa mgongoni mwa kifaa kwa herufi ndogo, upande ulioelekea ukutani. Yaache huko huko, yasipigwe na jua.

Ukiulizwa, jibu ni moja: "Betri hiyo." Kifaa kikiwa na miaka mingi, sema kimechoka. Kikiwa kipya, sema hakijaizoea bahari. Kikiendelea kubisha, kivishe soksi na ukilaze chini ya mto. Soksi ya sufu ni bora kuliko ya nailoni.

3. Sema ina kiherehere

Hili ni neno lenye nguvu, litumie mapema. Usiruhusu mtu aseme kwamba kengele hizi ni za subira kupita wazee wa baraza. Kiwango cha Marekani, ambacho watengenezaji wengi hukifuata, kinaipa kengele saa 1 mpaka 4 ndipo ilie, kama hewa ina sehemu 70 za gesi hiyo kwa milioni. Zikifika 150, inapewa dakika 10 hadi 50. Zikifika 400, dakika 4 hadi 15. Kinachofuatiliwa ni jinsi gesi inavyojikusanya katika damu ya mtu. Kwa hiyo ikifungua mdomo, ujue imekwisha kukaa, ikasikiliza pande zote, ikaamua.

Dawa yake ni madirisha. Yafungue yote, ngoja inyamaze, kisha yafunge kwa ajili ya mbu. Ikilia tena saa nane za usiku, fungua tena. Huku kunaitwa kutatua tatizo kwa awamu.

4. Wagonjwa wape ugonjwa mwingine

Gesi hii huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Tazama bahari ilivyokupenda: hayo hayo ndiyo mambo ya kulewa bahari! Gawa tangawizi na ndimu. Asiyeridhika, mlaumu pweza aliyekula jana Forodhani.

Jihadhari tu na mgeni mwenye maswali. Atauliza mbona mmetia nanga na maji yametulia kama ya mtungini. Atauliza mbona wa kebini ya nyuma wameumwa wote kwa pamoja, na aliyelala sitahani ni mzima. Atauliza mbona wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani kichwa kinarudi nao. Mpelekee huyo soda haraka.

Na hospitali usimpeleke mtu. Daktari atakueleza kwamba gesi hii huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kama abiria aliyewahi kiti cha daladala na hataki kushuka. Mgonjwa akivuta hewa ya kawaida, yapita kama saa 4 au 5 ndipo gesi iliyomo ipungue nusu. Akipewa oksijeni tupu, saa moja na nusu hivi. Kisha daktari atavua miwani na kuuliza: "Mlikuwa na jenereta?" Hilo si swali la kumjibu mtu mbele ya wageni wako.

5. Mlaumu pacha asiye na hatia

Sasa sogea karibu, maana siri hii mafundi wengi hawana, na utamu wake ni kwamba ni ya kweli. Betri za asidi zikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni. Sensa nyingi za kengele hizi huifananisha haidrojeni na kaboni monoksaidi, zikalia. Kwa hiyo yawezekana kabisa kengele ikalia na ekzosi yako ikawa safi kama mtoto wa madrasa.

Uzuri hauishii hapo. Chaja ya betri inaendeshwa na nini? Na jenereta. Ukiwasha jenereta, chaja nayo inaamka; ukizima, zote zinalala. Ni mapacha. Mmoja kaiba, na wote wawili huonekana mahali pamoja saa ile ile.

Fundi mwenye roho mbaya atawatenganisha. Atawatoa watu wote nje, ataiwasha jenereta huku chaja imezimwa, na kusoma kipimo cha mkononi chenye namba. Kisha mkifika bandarini ataiwasha chaja kwa umeme wa nchi kavu, jenereta ikiwa imelala, asome tena. Kabla ya chai ya saa nne atakuwa amemjua mwizi. Wewe usiwatenganishe kamwe, na kipimo hicho usikinunue. Namba haina adabu, haijali nani nahodha. Sema "ni betri tu." Haidrojeni nayo hulipuka, lakini neno "tu" limewahi kutuliza makubwa zaidi ya hayo.

6. Paka rangi

Jenereta ya ndani ya boti kwa kawaida hupozwa kwa maji ya bahari. Maji yakishafanya kazi hiyo humwagwa ndani ya ekzosi kwenye kiwiko cha chuma, yakafuatana na moshi kupitia mpira mnene mpaka kwenye silensa, kisha nje. Chumvi hukila kiwiko kutokea ndani, ambako huoni. Mpira hukakamaa ukachanika. Vibano vya mpira hulegezwa na mtetemo. Na pote palipoachia pana alama: masizi, mchirizi wa kutu, ukoko mweupe wa chumvi, tone la maji. Panapovuja maji, gesi imetangulia kutoka.

Alama hizo zinaaibisha boti. Paka rangi nyeupe, mikono miwili. Watu watausifu usafi wa chumba chako cha injini, na kutu itaendelea na shughuli zake kwa faragha.

Fundi akija, mpe methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpe na tochi, ainame ngamani saa nzima. Wahenga walikuwa wakisema habari za maji, na mvuke wa petroli nao huwatii, kwa kuwa ni mzito na hushuka. Kaboni monoksaidi haikulelewa hivyo. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa, huchanganyika nayo na kwenda inakokwenda. Inatoka chumba cha injini kwa tundu la nyaya ambalo mtu wa umeme alilitoboa akasahau kuliziba, inapita nyuma ya kabati, inatokea kwenye mito. Maadamu fundi ameinamia ngama, hatainua macho kuliona tundu.

7. Usiandike chochote

Kengele italia Jumanne, inyamaze Jumatano, ilie Ijumaa. Huo ndio ushahidi wako kwamba ina wazimu. Daftari litakuharibia. Daftari litaonyesha kwamba siku za mkondo dhaifu boti hulala omo likitazama upepo, na moshi wa tezini huenda zake baharini. Lakini siku za bamvua mkondo huushinda upepo wa kusi, boti ikageuka, tezi likautazama upepo, na moshi ukarudishwa mlangoni kwako. Litaonyesha kwamba mkiwa safarini mlango wa nyuma ukiwa wazi, hewa iliyo nyuma ya kebini huvutwa ndani pamoja na moshi, kama vumbi linavyoingia ndani ya gari lililoachwa wazi nyuma. Pengine litaonyesha kwamba usiku ule mbaya jenereta ya kulaumiwa ilikuwa ya boti ya jirani, aliyefunga ubavuni kwako. Mambo mengi ya kujua. Kalamu itupe majini.

8. Usitazame nje

Hapa nitasema polepole. Agosti 2000, katika Ziwa Powell, mpakani mwa Utah na Arizona kule Marekani, watoto wawili wa tumbo moja walikuwa wakiogelea nyuma ya boti ya familia, boti ya kukaa kama nyumba. Ekzosi ya jenereta ilitokea chini ya jukwaa la kuogelea, kwenye uvungu kati ya mbao na maji. Waliingia uvunguni. Wote wawili walikufa.

Wachunguzi wa serikali walipopima uvungu wa maboti ya namna ile walikuta hadi sehemu 30,000 kwa milioni. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni 1,200. Walipopekua kumbukumbu za ziwa lile, wakakuta vifo vya gesi vilivyotangulia. Kengele ya kebini haina habari na kilicho uvunguni. Mtu wa pale hupoteza fahamu, huzama, na anayeandika taarifa huona maji tu. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa bomba: moshi wa jenereta upandishwe juu ya paa la boti, mbali na watu.

Lakini bomba juu ya paa litaziharibu picha za boti yako, nahodha, na watoto wanapenda sana ngazi ya nyuma. Wewe mwenyewe unajua lipi zito.

9. Ukishindwa kushindwa

Yaweza kutokea ukafuata hatua zote na gesi ikapatikana. Yamenikuta. Kwenye boti ya shemeji yangu nilinusa, nikavisha soksi, nikalaumu pweza, nikapaka rangi mikono mitatu. Wiki tatu. Kisha kijana wetu wa jikoni, ambaye kazi yake ni wali na mchuzi, akaniambia: "Nahodha, samahani. Mbona hii hulia tukifunga mlango wa nyuma tu?"

Nikamwambia arudi jikoni. Akarudi, akachukua tochi. Aliufuata mpira wa ekzosi kwa kiganja tangu kwenye kiwiko, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto. Alipofika kwenye silensa mkono ulitoka mweusi. Kibano kilikuwa kimekatika upande wa chini, usioonekana, chini ya rangi yangu. Dakika kumi. Kibano kipya kiligharimu kama chai na chapati mbili.

Likikufika hilo, usitaharuki. Badilisha kibano, na kiwiko pia kikiwa kimeliwa. Ziba tundu la nyaya. Weka kengele kila kebini inayolala watu, na uivue soksi. Heshima bado unaweza kuiokoa: waambie wote kwamba ulijua tangu mwanzo, ulikuwa unampima kijana.

Mimi mpaka leo nasema hivyo. Naye huitikia, "Ndiyo, nahodha," kwa adabu zote. Halafu kila usiku, kabla ya kuzima taa, hunyoosha mkono akakibonyeza kitufe cha kengele ile, aisikie sauti yake, ndipo alale.