Tuisifu Saa Yenye Nyuso Mbili

Ina nyuso mbili na wala si mnafiki. Haijui rushwa, haijui udugu, wala haijali kwamba mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Imenishinda mara nyingi kuliko binadamu yeyote, na karibu kila iliponishinda nilikuwa na mchezo mzuri mkononi. Nasema saa ya sataranji, kile kijisanduku chenye saa mbili zilizokaa bega kwa bega. Ukicheza unabonyeza kitufe, yako inasimama, ya mwenzio inaanza kukimbia. Dakika zako zikiisha umefungwa, hata kama mwenzio amebaki na mfalme na askari mmoja tu na wewe una jeshi zima. Mwenye akili timamu angekwisha kuitupa korongoni. Mimi nimeamua kuisifu.

Kwanza nikiri kwamba sikulelewa nayo. Huku kwetu Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, mambo huenda kwa saa zake. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo hapa mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, na wala haikuharakishwa na mtu. Ukungu hushuka ukipenda, na gari la Muheza huondoka likijaa. Sataranji nilijifunza jioni za mvua kwenye kibaraza cha duka, na kete mbili zilizopotea tuliziwekea vizibo vya soda. Hakuna aliyepimiwa dakika. Kwenye bao nako ni vivyo hivyo: saa ni watazamaji. Mtu akizidi kuwaza, yupo atakayemwambia, "Cheza saa, kahawa inapoa!" na akikaidi watamtania mpaka asogeze kete kwa aibu.

Wazungu hawakuwa na watazamaji wa namna hiyo. Kule London mwaka 1851 Elijah Williams aliwaza mpaka wapinzani wake wakalalamika hadharani. Miaka kumi baadaye wakajaribu vioo vya mchanga, na mwaka 1883, London hiyohiyo, zikatumika saa za jozi zilizobuniwa na Thomas Wilson wa Manchester. Baadaye ikaongezwa bendera ndogo inayoinuliwa na mshale na kuanguka saa inapotimia. Ndiyo maana mpaka leo, hata kwenye saa za tarakimu zisizo na bendera yoyote, tunasema bendera imeanguka.

Fadhila yake kubwa ni uadilifu, na hapa naomba nisikatizwe. Saa hii ni kadhi asiyesikiliza udhuru. Mwangalie Ding Liren, bingwa wa dunia wa wakati huo, akitetea taji lake Singapore, tarehe 12 Desemba 2024. Mchezo wa 14, wa mwisho, pointi ziko sawa. Gukesh, kijana wa miaka 18 kutoka India, ana askari mmoja zaidi, lakini kila anayejua mchezo anasema hii ni sare. Ding amebakiwa na dakika chache. Anasogeza ngome yake ikabadilishane na ya mwenzake, asione kwamba baada ya ngome maaskofu nao watalazimika kubadilishana, na wakishatoka wote yule askari wa ziada hazuiliki. Hatua hiyo moja, na taji likaenda. Mtoto wangu wa darasa la sita angeiona, kwa sababu yeye hakuwa amekaa hapo saa nyingi akitazama sekunde zikipukutika.

Au mtazame Magnus Carlsen, Stavanger, tarehe 1 Juni 2025, mbele ya Gukesh huyohuyo. Alikuwa anashinda. Saa ikambana, farasi akaenda kusikostahili, na mtu anayehesabiwa na wengi kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza akapiga meza kwa ngumi mpaka kete zikaruka.

Sasa fuata hoja yangu taratibu. Mimi nami nimekosea mwishoni mwa mchezo kwa kubanwa na saa. Mimi nami nimepiga meza, ingawa yangu ilikuwa na chupa ya chai. Kama saa inatuhukumu sawa, mimi na Carlsen tu sawa. Na kama tu sawa, basi nikifungwa na mtoto wa sekondari si kwamba nimefungwa, bali nimecheza kwa kiwango cha kimataifa. Nilimweleza hivyo mke wangu. Akaniuliza kama kwa kiwango hicho nauli nayo hurudishwa.

Fadhila nyingine nitazitaja mbiombio. Inafundisha kuvumilia mkojo. Inanyoosha mkono wa kulia. Inatibu majivuno bila dawa. Na aliyeisikia ikigonga katika dakika ya mwisho hana haja ya kahawa hata ile ya Ngamiani, Tanga.

Hata huruma inayo, ikiruhusiwa. Bobby Fischer alibuni saa inayokuongezea sekunde kila unapocheza, na aliitumia aliporudiana na mpinzani wake wa zamani, Spassky, mwaka 1992. Ni kama zaka: hata uwe maskini wa muda namna gani, kila ukicheza unatiwa kitu mkononi. Huyo Ding, alipokosea, alikuwa akipata sekunde 30 kwa kila hatua. Mimi siku ile sikupata hata moja.

Siku ile. Mashindano yalikuwa mji mmoja wa bondeni, nisioutaja. Barua ilisema: kuanza saa mbili kamili asubuhi, dakika 60 kwa kila mchezaji, na nyongeza. Nilitoka Amani saa kumi alfajiri, mvua inapiga, barabara ni utelezi hadi Muheza, na saa mbili kasorobo nilikuwa kitini. Saa tatu tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Saa tano yuko njiani. Watoto waliokuja na wazazi wao walilala juu ya mbao za sataranji. Saa saba mchana akaingia, tukasimama, tukapiga makofi. Wakatambulishwa wa meza kuu, na waliowasindikiza wa meza kuu, itifaki ikazingatiwa hadi ikachoka. Kisha mheshimiwa akahutubia kwa dakika 40 juu ya vijana kuheshimu muda.

Nilihesabu. Kwenye meza yangu kulikuwa na saa.

Alipoondoka, kamati ikatangaza kwamba ukumbi una harusi jioni, kwa hiyo kila mtu atacheza kwa dakika 15, bila nyongeza. Saa za kweli zilikuwa mbili; wengine walitumia simu, na mmoja alipigiwa na shemeji yake katikati ya mchezo. Nikapangwa na kijana wa kidato cha pili. Akabonyeza saa, kisha kwa adabu zote akasema, "Shikamoo babu." Nikaitika marahaba, kama inavyopasa, na sekunde tatu zikaenda.

Mwishoni tulibaki na ngome kwa ngome, yeye ana askari mmoja. Ni sare. Mfaransa Philidor aliieleza katika karne ya 18, nami naifundisha kibarazani: ngome yako ilinde mstari mbele ya mfalme wake, isubiri askari apige hatua, ndipo iende nyuma kabisa kumsumbua mfalme. Naijua kama njia ya kwenda kisimani. Nikiwa na sekunde 11 nikaiondoa ngome kabla askari hajapiga hatua. "Samahani babu," akasema kijana, akaingiza mfalme wake.

Sikumlaumu yeye. Saa nayo sikuilaumu. Ilisema kweli yake yote. Mwaka 1942, kwenye ubingwa wa Marekani, bendera ya Samuel Reshevsky ilianguka akicheza na Arnold Denker. Msimamizi, Walter Stephens, aliyekuwa amesimama nyuma ya saa, akaiinua, akaigeuza, akasoma upande usiohusika, akatangaza kwamba aliyechelewa ni Denker. Watu walipiga kelele, yeye hakubadili neno, na Reshevsky akaishia kuwa bingwa. Saa ilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho.

Usiku kamati ilituma picha kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na shukrani kwa mgeni rasmi kwa kutenga muda wake adhimu. Mheshimiwa ameshika saa yangu kwa mikono miwili, anatabasamu, nyuso zote mbili zimeelekea tumboni kwake. Kinachoonekana ni kifuniko cha betri.