Anza na Umeme, Kadi Baadaye

Mxiuu! Jamani, laki saba ya mtoto wa watu inakwenda kuishia kwenye taa. Nyekundu, bluu, kijani, zimejaa ndani ya boksi la kioo. Kijana kafika kijiweni, kaamkia wakubwa vizuri, kafungua simu akatuonyesha "kompyuta ya gemu" anayotaka kutumiwa kutoka Kariakoo. Nikamuuliza, mdogo wangu, pawasaplai ina wati ngapi? Hajui. Kadi ya grafiki ni ipi? "Ni ya GB 4, kaka." Prosesa? "i7." i7 ya mwaka gani? Kimya. Nikasonya, na wala si yeye niliyemsonya. Nilisonya tangazo lililokumbuka kutaja rangi za taa likasahau kutaja kitu kinachoendesha gemu.

Pesa ya hapa kwetu Saza, machimboni, tunajua inavyotafutwa. Kuna duara la kuchimba, kuna karasha la kusaga mawe, kuna mwalo wa kuoshea, kuna siku unabeba mawe mpaka jioni na mkononi hubaki na kitu. Huku ni Lupa, watu wanachimba dhahabu tangu enzi za Mwingereza. Laki saba ya hapa haikuokotwa. Ndiyo maana mtu akiniambia ni mambo ya gemu tu, ya kitoto, namkatalia. Kompyuta hiyohiyo kesho itachapa barua za kuomba kazi, itahariri video za harusi, itamfundisha mdogo wake kuandika programu. Ni mali ya nyumba. Sasa mali ya nyumba unaichagua kwa taa?

Mimi nasema hivi, na wenzangu wa kijiweni mnibishie: huku kwetu uchaguzi unaanzia ukutani, kwenye soketi, halafu unaingia ndani ya boksi. Wauzaji wanaanza na kadi, kwa sababu kadi ndiyo yenye jina. Lakini kadi inakula umeme, na umeme wa nyumbani una mwenyewe; mara nyingi ni mama, ndiye anayenunua LUKU.

Tupige hesabu. Prosesa ya Core i5-6500 imepangiwa wati 65. Kadi ya GTX 1050 Ti ni wati 75. Hapo ni 140. Weka diski, ramu, feni na monita, tuseme zote pamoja wati 200. Ukicheza saa nne kwa siku, umekula uniti 0.8; kwa mwezi ni uniti 24. Nyumba iliyo kwenye daraja la D1 la TANESCO inanunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ila mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kwa hiyo gemu peke yake limemega karibu theluthi ya fungu la nyumba nzima. Sasa chukua ile i7 ya zamani ya wati 95 na kadi ya RX 580 ya wati 185. Ukijumlisha na vingine unafika wati 350, na kwa mwezi ni uniti 42. Friji ipo, pasi ipo, televisheni ipo. Mtoto anacheza chumbani, mama anavuka 75 bila kujua kilichomvusha. Hilo ndilo linalonifanya nisonye kwa sauti.

Na hatujazungumzia umeme unaopanda na kushuka. Karasha likiwashwa jirani, taa inafifia, inarudi. Pawasaplai nyepesi isiyo na jina, iliyobandikwa karatasi ya "500W" ambayo haina hata nusu ya nguvu hiyo, siku ikifa haifi peke yake. Inaweza kuondoka na mazabodi na kadi. Kwa hiyo pesa ya kwanza kutengwa katika zile laki saba ni ya stebilaiza au UPS ndogo. Najua haina raha ya kuonyesha marafiki. Itenge tu.

Baada ya hapo, boksi. Kwa bajeti hii sishauri mtu anunue kipandekipande kuanzia sifuri. Nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zilikaa mezani kwa wahasibu huko Ulaya na Uarabuni, zikazimwa saa kumi na moja jioni, na pawasaplai zake ni za kweli hata kama wati ni chache. Tena sasa zimezidi kuingia sokoni, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Ofisi nyingi zimezitoa za kizazi cha sita na cha saba zikiwa bado na nguvu. Kwao zimepitwa na wakati, kwako zinacheza.

Lakini angalia umbo, wadogo zangu, hapa ndipo wengi wanapigwa. OptiPlex moja inatoka katika maumbo kadhaa kwa jina lilelile. Ile nyembamba ya kulaza juu ya meza haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Inataka kadi ya nusu kimo, ambayo ni adimu na ghali. Chukua ile ya mnara. Tena usijidanganye kwamba pawasaplai ya Dell ikifa utaweka yoyote ya dukani: kwenye 9020, kwa mfano, plagi inayoingia kwenye mazabodi ina pini 8, wakati za kawaida zina pini 24. Mnara wa 9020 una pawasaplai ya wati 290, na hauna waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo chagua kadi inayojilisha kwenye sloti yake tu, nayo sloti hutoa mwisho wati 75.

Ndipo GTX 1050 Ti inapopata heshima yake. Ni ya mwaka 2016, imezeeka, lakini haiombi waya (nyingi haziombi, tazama juu ya kadi kama kuna tundu la pini, ukiliona iache). Angalia gemu wanazocheza vijana wetu. GTA V, ilipoingia kwenye kompyuta 2015, ilipendekezewa prosesa ya i5-3470 na kadi ya GTX 660, na i5-3470 ndiyo unayoikuta ndani ya OptiPlex 7010 nyingi za mtumba. EA FC 24 inataja 1050 Ti kuwa ndiyo ngazi ya chini kabisa, pamoja na i5-6600K na ramu ya GB 8. Maana yake ukiwa na i5 ya kizazi cha sita na kadi hii, mpira utachezeka kwa kushusha picha kidogo. Battlefield 6? Hapana. Nasema hapana mapema ili mtu asije akalia.

Kuna mzee mmoja hapa kijiweni kaniuliza, kwa nini RX 580 ni rahisi hivyo na inasifiwa hivyo? Swali zuri, mzee wangu. Kadi nyingi za aina hiyo zilikuwa zinachimba. Ndiyo, zinachimba, ila sarafu za mtandaoni. Zilipangwa rafuni usiku na mchana kwenye joto, mpaka tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipobadilisha mfumo wake na kazi hiyo ikafa. Zikamwagwa sokoni dunia nzima. Nyingine ni nzima kabisa. Nyingine feni zimechoka, na zipo zilizoandikwa 2048SP, ambazo nguvu yake ni ya kadi iliyo chini yake. Na wati zile 185 tumeshazihesabu.

Hata 1050 Ti yenyewe inaghushiwa. Kuna kadi za miaka ya 2010 zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa ni hiyo. Windows inadanganyika, ila programu ya bure ya GPU-Z inazitambua nyingi na kuziandikia kuwa ni feki. Hakuna mtu Saza anayenunua dhahabu kwa kuitazama rangi; anapima. Basi na kadi ipimwe. Muuzaji akiwa mbali, mwambie arekodi video: GPU-Z imefunguliwa, gemu linakimbia nusu saa, karatasi ya leo ikiwa mezani imeandikwa jina lako. Akikasirika, kaonyesha alivyo.

Ramu na diski sitazikalia sana. Ramu ziwe mbili zinazolingana, 4 na 4 au 8 na 8, zifanye kazi kwa pamoja. Na ujue DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kwa hiyo soma kwanza mazabodi yako inakula ipi. Nunua kompyuta iliyokwisha kuwa na ramu ya kutosha, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu mpya imepanda duniani, viwanda vimeelekea kwenye mitambo ya akili bandia. SSD ya GB 128 ni mtego: EA FC 24 peke yake inataka GB 100, na Windows nayo ina tumbo lake. Chukua 512. Ukishindwa, 256 pamoja na hadidiski ya zamani. Na kabla hujanunua bando, uliza gemu lina GB ngapi, kisha tafuta sehemu yenye Wi-Fi Mbeya au Tunduma ulipakulie huko.

Mwenye kusogea mpaka laki tisa, namwambia asiongeze kadi. Aongeze kizazi: i5-8500, prosesa ya kori sita, Windows 11 inaipokea. Kadi ataiongeza mwakani, msimu ukikubali.

Na kama umenunua Mbeya, mzigo ukishalipiwa, kabla haujapanda gari la Mbalizi kuja Mkwajuni, mwambie muuzaji achomoe kadi, aifunge peke yake kwenye sponji. Barabara ile inatingisha, na kadi nzito ikining'inia ndani ya mnara njia nzima inaweza kung'oa sloti. Ukifika, fungua boksi, puliza vumbi, badilisha ile pesti iliyokauka juu ya prosesa, rudisha kadi mpaka isikike imeingia, funga skrubu yake, ndipo uwashe.