Sifa za Sharti la Ukazi

Huko Tarime, mwenye jina hakosi mpiga litungu wa kumwimbia. Sharti la ukazi halijapata hata mmoja, na hiyo ni dhuluma. Nasema lile linalomtaka mgombea wa uenyekiti wa kijiji au kitongoji awe mkazi wa hapo hapo. Miaka 21 ametimiza, kusoma na kuandika anajua, chama kimempitisha; bado sharti linamuuliza: unalala wapi?

Swali hilo Tarime si dogo. Sirari imepakana na Isebania ya Kenya, na Mkurya wa pale anaweza kuwa na shemeji, ng'ombe na pengine mke pande zote mbili. Wakoloni walichora mpaka wakashindwa kumtenganisha na nduguze. Sharti letu linajaribu kwa fomu moja. Nyamongo nako, jirani na mgodi wa North Mara, zimewahi kuota nyumba zisizolala mtu, nyumba za tegesha, zilizoinuliwa mbiombio ili mthamini azikute na fidia ilipwe. Sharti lenye jicho kali namna hii lingefaa sana kule. Basi tu, huitwa kazini wakati wa uchaguzi. Na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 hata kazi hiyo ilipungua: fomu za wapinzani zilikutwa na kasoro nyingi nchi nzima, chama cha upinzani cha Chadema kikasusia, na waliobaki kuulizwa wanalala wapi wakawa wachache.

Lakini sifa kuu ya sharti hili ni adabu kwa wakubwa. Mwenyekiti wa kitongoji, asiye na mshahara, linamfunga kwenye kitongoji chake. Kule Serengeti, tembo wakitoka hifadhini kuingia kwenye mahindi usiku wa manane, yeye ndiye wa kugongewa mlango, na mahindi yake yamo katika yanayoliwa. Likifika ngazi ya diwani, kamba inalegezwa: huyo anatakiwa awe mkazi wa eneo la halmashauri, hivyo diwani wa Sirari anaweza kulala Nyamongo bila kuvunja kitu. Likifika kwa mbunge, sharti linavua kofia na kumpisha. Katiba, ibara ya 67, inamtaka awe raia, awe na umri, ajue kusoma na awe na chama. Anakolala haiulizi. Mwita Waitara alikuwa mbunge wa Ukonga, Dar es Salaam. Mwaka 2020 akachaguliwa Tarime Vijijini. Ni mwenyeji wa Tarime, wala hakukiuka sheria yoyote, kwa sababu hapakuwa na ya kukiuka.

Kwa hiyo anayegawa barua za utambulisho lazima awe jirani yako, na anayepitisha bajeti ya taifa anaweza kuwa jirani wa yeyote.

Ndugu mpiga kura, tembo wakija usiku, gonga kwa mwenyekiti. Sheria imehakikisha yupo. Mbunge mpigie simu. Asipopatikana usimlaumu, hayupo kihalali kabisa.