Kitufe Kilichobaki Kampala

Mafundi wetu wa tovuti wana itikadi moja, nayo ni kwamba ukurasa ukionekana barabara katika Chrome, juu ya kioo kipana cha kompyuta ya ofisini Kampala, basi umekwisha kutahiniwa na walimwengu wote. Ilhali mfanyabiashara wa Koboko aufunguaye kwa Opera Mini, ambayo, kwa kumhurumia mwenye bando dogo, huupitisha kwanza katika seva za mbali ukabanwa, na amri zake za JavaScript zikapunguziwa uhuru, huenda akaletewa fomu adhimu isiyo na kitufe cha kutuma. Arua, katika pembe hiyo hiyo ya nchi, nayo ina hadhi ya jiji tangu Julai 2020, lakini fundi akiarifiwa kutoka huko hujibu, kwa adabu kamili, kwamba kwake yeye kitufe kipo, jambo ambalo, wallahi, hakuna aliyelikanusha.